Karatasi ya Mama kwenye bati la biskuti

"Uliwahi kupigwa mionzi kifuani?"

Dokta aliuliza hivo bila kuinua kichwa, anaandika tu. Ilikuwa mwezi wa saba 2019, Moshi baridi ile ya kushinda na sweta mpaka saa sita mchana, na mlima haujaonekana siku nne. Majibu ya kinyama walichonikata kupima nilishapewa wiki moja nyuma, nikalia nikamaliza, ni saratani ya titi la kushoto, uvimbe wa sentimita 2 na kidogo na tezi moja ya kwapani wana wasiwasi nayo. Sa mi nikajua maswali yaliyobaki ni ya kujaza fomu. Ulivunja ungo na miaka mingapi, umezaa wangapi, wa kwanza ulimpata na miaka mingapi, ulinyonyesha, unakunywa, kwenu kuna mama au dada aliyeumwa titi. Nimejibu yote, kwetu hakuna, nimezaa wawili nimenyonyesha wote mpaka wametembea, pombe ni mbege ya harusini basi. Yani nilivokuwa najibu nikaanza kujiona kama mtu aliyefaulu mtihani, nikataka kumuuliza sa imenipataje mimi? Ndo akaja na hilo la mionzi.

Nikanyamaza. Nikasema ndiyo, zamani.

Akaweka peni chini.

Nilikuwa na miaka 20 mwaka 2001. Ilianza uvimbe shingoni hauumi, nimejikuna mwili mzima mpaka miguu ina vidonda, usiku naloa jasho mpaka Mama anabadilisha shuka mara mbili. Zahanati moja wakasema TB ya tezi, nikameza dawa za TB miezi mitatu na uvimbe unakua tu, na siwalaumu sana maana vinafanana kweli, wengi wanapitia njia hiyo hiyo. Kuja kukata kinyama ndo ikajulikana ni limfoma ya Hodgkin, saratani ya tezi, steji ya pili, shingo na kifuani kati ya mapafu. Nikapigwa dripu 12, kila baada ya wiki mbili, kuna moja nyekundu kama juisi ya rozela ukikojoa baadae unashtuka. Halafu Dar, hospitali ya saratani ya Ocean Road, wakati ule mionzi ilikuwa huko tu nchi nzima. Nilifikia kwa mama mdogo Temeke, asubuhi naenda kulala chini ya mashine ya kobalti dakika chache, narudi. Walinichora kifuani mistari ya wino wa zambarau wakaniambia usiifute, basi nikaoga wiki nne kwa kitambaa, napita pembeni ya mistari kama mtu anayepiga deki kuzunguka miguu ya kitanda.

Nikapona. Neno hilo ndo lililoniponza. Walinipa tarehe za kurudi, nikaenda mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu nikaenda kwa kulazimishwa, afu nikaolewa. Mume wangu nilimwambia nilishawahi kuumwa tezi. Tezi tu. Nani anataka kuingia ukweni na jina la saratani bana.

Dokta akaniuliza nilipigwa kiasi gani, na ile dawa nyekundu nilipata dozi ngapi kwa jumla. Nikamwangalia. Miaka 18! Akasema karatasi yoyote, hata kipande, kabla ya Jumatatu, kwa sababu hatuwezi kupanga matibabu kama hatujui ulishakula nini.

Jumamosi nikapanda daladala mpaka Kiboriloni, nikaunga bodaboda mpaka Old Moshi kwa Mama. Nikamkuta anamenya ndizi za mtori, shangazi yupo pale amekalia kigoda, habari imeshawafikia maana hapa kwetu habari ina miguu kuliko mimi. Shangazi hata shikamoo hajaitikia vizuri, "ni hiyo simu unayoweka kwenye sidiria, nilikuambia." Sidiria yenyewe ya mtumba, akaongeza, hujui aliyeivaa. Nikamwambia shangazi, simu haijawahi kuonekana inaleta hiyo kitu, wala sidiria, na wewe mwenyewe hela zako na funguo za duka zinakaa wapi? Mama akacheka kidogo. Kicheko cha kwanza wiki nzima.

Nikamwambia natafuta karatasi za Dar. Hakuuliza zipi. Alifuta mikono kwenye kanga, akaingia chumbani, nikasikia kitanda kinasogezwa, akatoka na bati la biskuti lenye picha ya wazungu na farasi, limepata kutu pembeni. Humo ndani kuna hati ya kihamba, shamba letu la ukoo, risiti za kahawa za ushirika wa KNCU tangu marehemu Baba yupo, kadi zetu za kliniki za utoto, na chini kabisa mfuko wa mkate umekunjwa mara nne. Ndani ya mfuko karatasi moja ya taipureta, imefifia, ina doa la mafuta ya taa.

Kila kitu kipo. Mizunguko 6 ya dawa, kila mmoja dripu mbili, majina yote manne. Mionzi Gy 36, yaani grei, kipimo cha mionzi, kwa mara 20, shingo, kwapa na kifua. Na chini, kwa mkono, kiingereza cha dokta, mstari mmoja ambao nilivyousoma nikakaa chini hapo hapo kwenye maganda ya ndizi, unasema huyu achunguzwe matiti kila mwaka kuanzia akifika miaka 30.

Mama akauliza "imeandikwa nini hapo?" Mama kiingereza hajui. Alitunza miaka 18 kitu asichoweza kukisoma, mimi niliyesoma mpaka fomu four nilikisoma mara moja nikamrudishia. Nikamwambia imeandikwa dozi. Sikumwambia mstari wa mwisho. Siku ile sikuweza.

Jumatatu akataka kwenda na mimi, na gauni lake la kanisani. Dokta akamwamkia "shikamoo mama", akachukua karatasi akainyoosha mezani kwa kiganja, taratibu, kama anapiga pasi, afu akatoa kalkuleta. 25 ya nyekundu kwa kila dripu, mara dripu 12. Akatugeuzia tuione, 300. Akasema hii dawa nyekundu ina kawaida ya kuharibu moyo na mwili unaihesabu maisha yote, haisahau, ukianza kupita 400 na kitu hivi hatari inapanda sana, na moyo wako ulikuwa ndani ya eneo la mionzi pia, kwa hiyo nyekundu hatuigusi tena, kuna mchanganyiko mwingine. Na titi tungeweza kutoa uvimbe tu tukaliacha, lakini ukiacha titi lazima upige mionzi, na kifua chako kimeshapokea yake. Kwa hiyo tunatoa lote. Yani karatasi yenye doa la mafuta ya taa ndo iliyoamua vitu viwili vikubwa kwa dakika kumi, nilikuwa nadhani wanaitaka kwa ajili ya faili.

Ndo akaeleza. Kwamba msichana akipigwa mionzi kifuani kabla ya miaka 30, titi bado changa, mbegu ya shida inaweza kulala miaka 10, 15, 20 ndo iamke, na wanawake wa namna hiyo hatari yao wanailinganisha na ya waliorithi jeni mbovu ile ya BRCA inayoleta saratani ya titi. Kwamba kunyonyesha kunasaidia kweli kupunguza ila hakufuti. Kwamba kutokuwa na ndugu mgonjwa nako sio kinga, wanawake wengi wanaopata saratani ya titi hawana hata ndugu mmoja aliyeugua.

Mama alikuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili. Akasema, "Dokta, kwa hiyo ni sisi tuliomuunguza?"

Dokta akamwambia mama, 2001 huyu alikuwa na tezi shingoni na kifuani na homa na anakonda, bila matibabu asingemaliza miaka mingi, na Hodgkin ya kijana ikitibiwa mapema ni moja ya saratani zinazopona vizuri kuliko nyingi. Siku hizi wanapunguza mionzi, eneo dogo, dozi ndogo, wengine hawapigwi kabisa, lakini wakati ule ile ndo ilikuwa tiba.

"Nimeelewa baba. Lakini ni sisi?"

Kimya kidogo. Akasema, "Kwa sehemu kubwa naona ni ile mionzi, mama. Siwezi kuapa, maana titi linaumwa hata kwa asiyepigwa. Ila ukiniuliza mimi, ndiyo."

Mama akasema asante kwa kuniambia. Nilitegemea alie. Akauliza swali la pili, lile ambalo mimi nilikuwa naliogopa tangu wiki iliyopita. Amebakiza miaka mingapi?

Dokta akasema miaka sina, ila naweza kukuonyesha tunaangalia nini. Akachukua karatasi ya nyuma ya fomu akachora mstari. Ukubwa wa uvimbe, wako sio mkubwa sana. Tezi za kwapani, huyu inaonekana moja, zingekuwa nyingi ningekuwa na uso mwingine. Imeshatoka kwenda kwenye mifupa, ini, mapafu? Picha zinasema hapana, na hicho ndo kitu kikubwa kuliko vyote. Seli zina hasira kiasi gani, zako ziko katikati. Vipokezi vya homoni, yani milango ya seli inayopokea homoni, vipo, maana yake kuna kidonge cha tamoksifeni utameza kila siku miaka 5 au zaidi na kinafanya kazi, wasichana wengi huku kwetu tunawakuta hawana vipokezi vyovyote na hao wanatupa shida zaidi. Kila alichosema anaweka nukta kwenye mstari, kushoto kubaya kulia kuzuri, na nukta zangu nyingi zikaangukia kulia kwa katikati. Akasema hii ni ya watu wengi kwa pamoja, mmoja mmoja sijui. Mimi nilizihesabu zile nukta kama mtu anayehesabu chenji.

Tulivyotoka Mama alisimama getini akanunua parachichi, akabishania shilingi mia mbili mpaka nikaona aibu. Kwenye daladala hajasema kitu mpaka Kiboriloni. Hapo ndo akasema, Dar wakati ule tuliuza ng'ombe wawili. Nikasema najua Mama. Akasema ningeuza tena.

Nyumbani akatoa bati. Karatasi ya zamani nilishaitoa kopi mbili mjini, akairudisha kwenye mfuko wa mkate. Akanyoosha mkono anataka na mpya, ile ya mpango, upasuaji tarehe ngapi, dripu 4 kila wiki tatu, kidonge, kurudi. Nikampa. Hakuiweka. Akanirudishia, akakaa kwenye kigoda cha shangazi, akasema soma. Yote. Na ile ya zamani pia, mpaka chini pale kwenye mkono.

Nikasoma. Nilipofika mstari wa mwisho wa ile ya zamani nikautafsiri kama ulivyo, miaka 30, kila mwaka, matiti. Aliniangalia muda mrefu sana, jiko linafuka moshi, mtori unachemka mpaka unamwagika. Halafu akainuka akachukua peni akaenda kwenye kalenda ya usharika iliyopo mlangoni, akasema, nitajie tarehe ya kwanza.