Memori iliyovuja magari yakiwa yamelala

Kwa miezi minne nilikuwa nalipwa kutunza programu ninayojua kwamba inakufa kila baada ya siku tatu.

Niliiandika kwa C, lugha ambayo mwandishi mwenyewe huomba memori na kuirudisha. Ilipokea taarifa za GPS kutoka kwenye malori 40 ya mteja mmoja Dar es Salaam, kila lori likituma kila sekunde 30. Seva ya kukodi, megabaiti 512. Simu ya msimamizi wa magari niliizoea: "Fundi, ramani imeganda tena." Nikiingia, nakuta kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo wa seva, imeiua programu kwa kumaliza memori. Dawa yangu ilikuwa ya aibu: niliagiza kroni, kipanga-ratiba cha seva, iizime na kuiwasha upya kila saa nane usiku. Mteja akanyamaza, na mimi nikanyamaza.

Malori yakafika 110. Jumapili ya kwanza, saa tisa alasiri, ramani ikaganda.

Nikaanza kufuatilia VmRSS, kiasi cha memori ambacho programu inakalia, ndani ya /proc, mahali Linux inapoonyesha hali ya kila programu. Siku za kazi memori ilipanda polepole mchana, ikakaza mwendo usiku. Jumapili ilipanda kutwa nzima. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa, maana Jumapili malori yamelala yadini. Gari lisilotembea linamalizaje memori?

Nikahifadhi ujumbe wa Jumapili moja kwenye faili, nikakompaili programu kwa chaguo la -g ili nione namba za mistari ya kodi, nikailisha faili hilo ikiwa ndani ya Valgrind, zana ya kusaka memori iliyopotea, kwenye laptopu yangu. Valgrind hufanya kazi ichukue muda mara 20 au 30 zaidi, kwa hiyo nilienda kula. Niliporudi, karibu baiti zote zilizopotea zilitoka kwenye malloc moja, yaani agizo moja la kuomba memori.

Sentensi ya RMC, mstari wa taarifa ambao kifaa cha GPS hutuma, ina herufi moja ya hali: A ikiwa mahali panajulikana, V ikiwa hapajulikani. Funksheni yangu iliomba baiti 2048 mwanzoni, na ikikuta V, inarudi papo hapo. free, agizo la kuiachilia memori hiyo, ilikuwa chini kabisa, isikofikiwa. Na yadi ya mteja imeezekwa bati! Lori likiingia chini ya bati halioni setilaiti, linatuma V mpaka asubuhi, kila V na baiti zake 2048.

Nikaweka free kabla ya kila return, yaani kila mahali funksheni inapotokea, zote tatu, nikajipongeza. Programu ikadumu dakika moja, ikafa ikilalamika kwamba memori ileile imeachiliwa mara mbili. Kumbe kwenye njia ya tatu, ya kifaa kisichosajiliwa, funksheni ya kuandika makosa ilishaiachilia. Niliiagiza mwenyewe zamani, siku niliyokuwa na akili zangu zote.

Nikavunja nikapanga upya: anayeomba memori ndiye anayeiachilia, mwingine asiiguse. Njia zote za kutoka sasa zinaruka kwa goto, agizo la kuruka, hadi sehemu moja chini iliyo na free. Najua walimu huichukia goto, lakini kerneli ya Linux yenyewe imejaa mtindo huo. Baada ya free, pointa, yaani anwani ya memori hiyo, naipa NULL (anwani tupu), kwani free ikipewa NULL haifanyi kitu.

Sasa inakaa kwenye megabaiti 9, Jumapili kama Jumatatu. Valgrind bado inanionyesha jedwali la vifaa ambalo siliachilii mwishoni. Hilo nimeliacha: hupakiwa mara moja, hutumika hadi mwisho, na Linux yenyewe hulichukua programu ikizimwa. Kroni nayo niliifuta, ila baada ya wiki tatu za kuogopa.