Siku Moja Maishani Mwangu: Jumamosi ya Fundi wa Kompyuta za Zamani, Cambridge

Saa 11:30 alfajiri

Vizito vyote nimevipakia jana usiku: TV mbili za kichogo, boksi la waya na makreti ya vipuri. Kilichobaki ndani ni mita na pasi ya kulehemu, maana hivyo viwili sivilazi garini. Mita yangu ya kupimia umeme ikilala kwenye baridi ya Peterborough, mji ninakoishi, asubuhi tarakimu zake zinajivuta. Chapati ya jana naikunja na yai, chai ya rangi naitia kwenye chupa, tunaondoka mimi na redio ya gari.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: natengeneza kompyuta. Siyo laptop ya mwaka juzi, nazungumzia zile za miaka ya 80 zilizoitwa kompyuta za nyumbani. Kibodi yenyewe ndiyo kompyuta, unaichomeka nyuma ya TV ya sebuleni, na programu unaipakia kwa kaseti kwenye redio kaseti ya kawaida. Siku za wiki wateja wananitumia kwa posta. Jumamosi kama ya leo mimi ndiye ninayewafuata, kwa sababu wapenzi wa mashine hizi hukutana. Wanakodi ukumbi, kila mtu anakuja na yake, wanacheza, wanabadilishana vipuri, wanabishana, na mwenye mgonjwa anamleta mezani kwangu.

Saa 1:45 asubuhi

Ukumbi uko pembezoni mwa Cambridge, na huu ndio mji wenyewe wa mambo haya. Kampuni mbili zilizowaingizia Waingereza kompyuta majumbani zilikuwa hapahapa. Sinclair walitoa ZX81 mwaka 1981 kwa pauni 69.95, au pauni 49.95 ukikubali kuilehemu mwenyewe. Kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 1 tu. Tarehe 23 Aprili 1982 wakatoa ZX Spectrum. Acorn, washindani wao, walipata kazi ya kutengeneza BBC Micro iliyokuja kujaa mashuleni. Prosesa ya ARM, yaani chipu inayofikiri ndani ya mashine, ilizaliwa ndani ya Acorn hiyohiyo mwaka 1985, na simu unayosomea habari hii karibu hakika inatumia kizazi chake.

Kazi ya kwanza ni umeme. Napanga eksitensheni, nakagua plagi, nabandika karatasi mezani: BBC MICRO ISIWASHWE KABLA SIJAIFUNGUA. Watu wanacheka wakiisoma, ila mtunza ukumbi hachekeshwi, kwa sababu ndiye anayekimbia king'ora cha moshi kikilia. Ndani ya pawasaplai ya mashine ile kuna kapasita ya kuchuja umeme yenye ganda la kung'aa rangi ya asali. Ganda linapata nyufa kwa uzee, karatasi ya ndani inafyonza unyevu, na ukiichomeka baada ya miaka 20 darini inatulia dakika chache, halafu inafuka moshi mnene unaonuka vibaya mno. Cha kuchekesha, mara nyingi kompyuta inaendelea kufanya kazi katikati ya moshi huo kama vile haihusiki.

Saa 3:30 asubuhi

Mlango umefunguliwa na foleni ipo. Wengi wana miaka 50 kwenda juu, wamebeba maboksi asilia yenye kona zilizochanika, wameyakumbatia kwa mikono miwili.

Wa kwanza ana Spectrum ya vitufe vya mpira. Alikuwa akicheza vizuri, akachomoa kifaa cha joystiki kwa nyuma, skrini ikajaa mistari na haijarudi tena. Namuuliza kama alichomoa umeme ukiwa ndani. Kimya. Simlaumu, Spectrum haina swichi ya kuzimia. Kuizima ni kuchomoa waya wa umeme, na mchezo ukimsisimua mtoto wa miaka 12, au wa miaka 52, anasahau.

Nafungua skrubu 5 za chini, nainua kifuniko taratibu kwa sababu nyaya bapa za kibodi ni plastiki nyembamba iliyokwisha kukauka. Ukivuta kwa pupa zinakatika kama ganda la kitunguu. Halafu mita. Kumbukumbu ya chini ya Spectrum ni chipu 8 aina ya 4116, na kila moja inadai umeme wa aina tatu. Nashika mguu wa 9: volti 5, safi. Mguu wa 8 unatakiwa volti 12, haufiki. Mguu wa 1 unatakiwa volti 5 hasi, una sifuri.

Hapo ugonjwa umejitaja wenyewe. Umeme wa 12 na ule hasi hutengenezwa na sakiti ndogo pembeni mwa bodi, na moyo wake ni transista moja iitwayo TR4. Naichomoa, naipima mezani, mita inalia pande zote. Imekufa. Koili iliyo jirani naichungulia kwa lenzi, haijaungua. Naweka transista mpya aina ya ZTX650, nawasha, volti zimerudi zote tatu, lakini skrini bado ina vurugu. Napitisha kidole juu ya chipu za kumbukumbu moja baada ya nyingine. Vuguvugu, vuguvugu, vuguvugu, ya sita inaunguza. Volti hasi ikikosekana 4116 haivumilii, na hii ndiyo iliyolipa deni.

Chipu ya namna hiyo siing'oi nzima. Nakata miguu yote 16 kwa koleo dogo, natoa mwili, kisha nachomoa mguu mmoja mmoja kwa moto kidogo. Njia za shaba za bodi hizi zilibandikwa miaka 40 iliyopita na gundi yake imechoka. Chipu iliyokufa haina thamani, bodi inayo. Naweka soketi, naweka chipu, nachomeka. Skrini inakuwa nyeusi, inakuwa nyeupe, na chini kabisa yanatokea maandishi: © 1982 Sinclair Research Ltd. Mwenye nayo anapiga makofi peke yake.

Saa 5:00 asubuhi

Ugomvi wa kila mkutano umefika, na umekuja na kijana mwenye ndevu nadhifu na Spectrum inayofanya kazi vizuri kabisa. Anataka nibadilishe kapasita zote. Kwa nini? Ameona watu wanasema hivyo.

Nina msimamo kuhusu hili na nimeshagombana nao wengi: pima kwanza. Kapasita iliyo sawa haina kosa la kuzeeka. Kila unapoweka moto kwenye bodi ya zamani unacheza kamari na njia zake, na nimepokea kwa posta mashine nyingi zaidi zilizouawa na "matengenezo ya kinga" kuliko zilizouawa na uzee. Isipokuwa Amiga 600 na 1200, kompyuta nyingine za nyumbani. Hizo zina kapasita ndogo za kubandikwa juu ya bodi zinazovuja maji yanayokula shaba, hapo sina mjadala, zitoke zote hata kama mashine inaimba. Na Amiga 500 Plus yenye betri ya kuchaji iliyolehemewa kwenye bodi, hiyo betri ikatwe leo, siyo kesho.

Tunapima za kwake pamoja. Moja imechoka, nambadilishia hiyo. Anaondoka nusu ameridhika.

Saa 6:30 mchana

Nakula chapati nikizunguka. Meza moja baba anamwonyesha bintiye wa kama miaka 9 namna ya kuandika programu. Kwenye Spectrum huandiki neno herufi kwa herufi. Ukibonyeza P linatoka PRINT zima, ukibonyeza G linatoka GO TO. Mtoto ameandika mistari miwili, amebonyeza R kupata RUN, na sasa jina lake linashuka skrini nzima. Anaangalia kama mtu aliyeiba kitu na hajakamatwa.

Meza ya pili wanapakia mchezo kwa sauti. Zamani ilikuwa kaseti, siku hizi wengine wanapiga sauti ileile kutoka kwenye simu kwa waya wa spika za masikioni. Kwanza mlio mrefu na pembezoni mwa skrini mistari minene ya nyekundu na samawati, halafu mkwaruzo na mistari myembamba ya bluu na njano, inakimbia kwa dakika kadhaa. Hakuna anayeondoka. Watu wazima sita wamesimama wanasikiliza kelele, na sauti ya simu ikiwa chini kidogo tu unaletewa *R Tape loading error* na unaanza upya.

Mimi sina utoto wa kukumbuka hapa. Nilikulia Ngamiani, Tanga, na kompyuta ya nyumbani ilikuwa haiwezekani hata kwa mwenye pesa. Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na hata ungeipata, ungeichomeka kwenye TV ipi? Bara hatukuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994. Tulichokuwa nacho ni redio, na mjomba wangu alizifufua kwenye kibaraza chake Barabara ya 12. Pale ndipo nilipojifunza kushika pasi. Spectrum niliishika mara ya kwanza nikiwa mtu mzima, hapahapa Uingereza, ndani ya boksi la vitu vya kutupwa, na kilichoniteka hakikuwa mchezo wowote. Nilifungua kifuniko nikakuta kila chipu ina namba yake, mchoro wa sakiti unapatikana, na kila mguu unaambiwa unatakiwa uwe na volti ngapi. Hakuna gundi, hakuna siri. Mjomba angekaa nayo akaielewa kwa wiki moja. Simu ya leo angeirudisha.

Saa 8:15 mchana

"Assalaam alaykum. Nimeambiwa fundi hapa anatoka kwetu."

Nainua kichwa. Mzee wa kofia ya kiua chini ya koti zito, mkononi mfuko wa dukani wenye Commodore 64, kompyuta nyingine ya nyumbani ya miaka ya 80.

"Waalaykum salaam. Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Wa wapi wewe?"

"Tanga, mzee. Ngamiani."

"Aa, jirani. Mie wa Unguja, Malindi. Hii niliwanunulia watoto sabini na... hapana, themanini na nne. Wamekua, wameoa, wameniachia. Jana nimeichomeka, haisemi kitu. Nikasema bora niilete kabla sijaichomeka tena."

Namwomba adapta yake. Ni lile tofali jeusi la asili, zito, na namwambia mashine yenyewe hatuigusi mpaka tofali lijieleze. Plagi yake ina pini 7: kuna volti 9 za umeme wa kupishana na volti 5 za umeme wa moja kwa moja. Hizi 5 ndizo zinazolisha chipu zote, na rekebisho lake, kile kinachozishikilia zisizidi 5, linapochoka halizimiki, volti zinapanda. Nachomeka ukutani, nashika pini. Mita inaonyesha 6.4.

"Hiyo nyingi?" ananiuliza.

"Nyingi sana mzee. Hii ndiyo inayoua."

"Basi itengeneze."

"Haifunguki. Wameimwagia utomvu mgumu ndani, imekuwa jiwe. Tuiweke pembeni, nina nyingine mpya."

Nampa kiti. Wakati nafungua kifuniko ananiuliza TV ya kwanza niliiona lini, na kabla sijamjibu anacheka peke yake. "Nyie bara! Sie Unguja tuna TV ya rangi tangu miaka ya sabini. Watu wa Dar wakitutazama kwa antena." Sina la kusema, maana ni kweli, Zanzibar ilitutangulia kwa miaka 20. Namwambia tu kwamba leo fundi ni wa bara.

Ndani kuna vumbi la miaka na chipu mbili za kumbukumbu zilizochomwa na zile volti, zinapata moto sekunde kumi tu baada ya kuwasha. Hapa nimebahatika, kwani ingekuwa imekufa SID, chipu ya sauti ambayo haitengenezwi tena, ningemtajia bei ya kumuumiza. Nakata, nafyonza lehemu, naweka soketi. Kioo cha TV ya kichogo kinakuwa bluu: COMMODORE 64 BASIC V2, 38911 BASIC BYTES FREE, READY.

Mzee anavuta kiti, anavaa miwani, anaandika kwa vidole viwili programu ya jedwali la kuzidisha, mistari minne, bila kusita popote. Kumbe alikuwa akisomesha hesabu. Anaiendesha, anaikagua mpaka mwisho kama anasahihisha daftari, kisha anageuka. "Shilingi ngapi?" Namwambia bei ya adapta na chipu, ufundi tumeufuta. Anakataa katakata. Tunavutana kwa adabu mpaka foleni inaanza kukohoa, na mwishowe analipa yote na kuniachia halua iliyofungwa kwenye karatasi ya fedha.

Saa 11:00 jioni

Saa mbili za mwisho ni vitu vidogo: swichi, soketi iliyolegea, kaseti isiyosomeka kwa sababu kichwa cha redio kaseti kimepinda. Hii ya mwisho ni zamu ya bisibisi ndogo, unazungusha skrubu ya pembeni mwa kichwa huku unasikiliza, mlio ukichongoka ndiyo penyewe.

Mtu mmoja ananiletea BBC Micro na kuniambia ameiwasha nyumbani asubuhi, haina tatizo. Tunaifungua hata hivyo. Kapasita ya asali ina nyufa mwili mzima. Inabadilishwa kwa dakika chache, ya zamani nampa aende nayo.

Saa 1:30 usiku

Narudi Peterborough na mashine tatu ambazo hazikumalizika, kila moja na karatasi yake: jina la mwenye nayo, dalili, na volti nilizozipima. Mojawapo ni Amiga 500 Plus ambayo betri imeshamwaga, na kijani cha shaba kimefika mpaka kwenye soketi ya prosesa. Hiyo ni kazi ya wiki, sijamuahidi mtu chochote. Halua nimeimaliza kwenye foleni ya magari. Jumatatu naagiza ZTX650 na chipu za 4116, na safari hii naagiza nyingi, kwa sababu wazee wa hapa wanahama nyumba kubwa kwenda ndogo na kila dari linalosafishwa linatoa Spectrum.