Vipimo 9 vya Bach

Hapa Mafinga, kwaya ikishatawanyika, nabaki kwenye kinanda cha kanisa nikiunda upya konseto (muziki wa ala moja inayosindikizwa na okestra) ya oboe, ala ya mbao ya kupuliza, ya Bach, mtunzi Mjerumani wa karne ya 18. Ni ya D maina, na inadhaniwa imepotea; toleo lake la harpsichord (kinanda cha nyuzi), namba BWV 1059 kwenye orodha ya kazi zake, limebaki vipimo 9 tu, yaani mapigo machache ya mwanzo. Bahati nzuri, muziki huohuo umo kwenye kantata yake (utunzi wa kuimbwa kanisani) namba 35 ya mwaka 1726, ukiongozwa na ogani. Sasa ogani haipumui, mpiga oboe anapumua! Basi natafuta pa kumpumzisha, napunguza madoido, na noti zikishuka chini ya C ya kati nazipandisha oktava, maana oboe ya enzi ile haifiki huko. Sehemu ya polepole haipo. Wengine huazima sinfonia (utangulizi wa ala bila waimbaji) ya kantata 156, nami naikubali, ingawa mzee wetu wa besi anaiita kiraka.