Kutoka Kisutu hadi Kariakoo kwa miguu

Jana nilishuka Posta nikaamua kwenda Kariakoo kwa miguu. Nimeishi Dar es Salaam miaka mingi, lakini sehemu kubwa ya mji huu nimeiona kupitia dirisha la daladala, konda akiita vituo.

Kisutu ilinichelewesha. Majengo ya zamani ya Wahindi bado yapo machache: duka chini, familia juu, na kwenye paji la jengo mwaka lilipojengwa. Harufu ya udi kutoka hekaluni inachanganyika na ya bajia. Ukivuka barabara ya Bibi Titi Mohamed, unaingia Mnazi Mmoja.

Uwanja huu nimeupita siku zote nikidhani ni sehemu ya kupumzikia tu. Kumbe uliachwa makusudi. Mwaka 1924 Waingereza waliugawa mji kanda tatu: nyumba za Kizungu upande wa bahari, maduka na makazi katikati, nyumba za Kiswahili ng'ambo ya pili. Kanuni zilitaja aina ya jengo, hazikutaja rangi ya mtu. Hazikuwa na haja, maana kila mtu alijua nani ana uwezo wa kujenga nyumba ipi. Uwazi wa Mnazi Mmoja ukabaki kutenga Uhindini na Uswahilini. Halafu TANU ikaja kufanya mikutano yake papo hapo, na ofisi yake ikawa pembeni tu, mtaa unaoitwa Lumumba leo. Nilisimama pale muda mrefu. Ardhi iliyotengwa ili watu wasikaribiane ndiyo iliyowakusanya kudai uhuru, na jambo hilo lilinigusa kuliko nilivyotegemea.

Kariakoo yenyewe sasa ni maghorofa. Katikati ya mawili niliona nyumba ya Kiswahili imebanwa, bati limeshika kutu, mzee amekaa barazani na kikombe cha kahawa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Unatafuta mtu?"

Nikamwambia natazama nyumba. Akacheka, akanikaribisha ndani. Ukumbi mrefu unatoka mlango wa mbele mpaka uani, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, kila mlango na pazia lake. Uani kuna jiko, choo, bafu na kamba za nguo. Akaanza kunionyesha kwa kidole waliokaa humo enzi za utoto wake: hiki Mmanyema, kile Mngazija, kile cha mbele Mzaramo fundi cherehani, na baba yake Mnyamwezi.

"Ramadhani sinia ilikuwa moja hapa uani," alisema. "Hata asiyefunga alikula."

Ghorofa la jirani lina fremu za maduka chini na stoo juu. Sisemi lisijengwe, biashara ya Kariakoo inalisha nchi nzima na majirani. Ila ghorofa halina baraza, na bila baraza sijui mgeni kama mimi angeketi wapi aulizwe anatafuta nani.

Natamani mtaa mmoja tu uachwe, Sikukuu au Mafia au wowote, nyumba zake zikarabatiwe zikiwa na watu ndani, wapangaji wakiendelea kupika uani. Wiki ijayo naenda Ilala, nikaone zimebaki ngapi.