Mshale uliolala kwenye 40

Tangu niunguze gasketi ya silinda hedi, niliapa kutoitegemea tena geji ya dashibodi peke yake. Nikanunua geji ya joto ya kuongeza, na sensa yake ya waya mmoja nikaifunga kwenye kipande cha aluminiamu nilichokichomeka katikati ya mpira wa juu wa rejeta. Nikawasha gari. Dakika 20 baadaye mpira haushikiki kwa moto, mshale bado umelala kwenye 40, mwanzo kabisa.

Fundi alisema geji mbovu, nibadilishe. Sikuridhika. Niliugusisha waya wa sensa kwenye chuma cha injini kwa sekunde moja, mshale ukaruka hadi mwisho. Basi geji ilikuwa nzima.

Sensa ya waya mmoja hupata hasi (njia ya umeme ya kurudi kwenye betri) kupitia nyuzi zake za skrubu, kutoka kwenye chuma ilimofungwa. Yangu ilikuwa imezungukwa na mpira pande zote! Na mimi nilikuwa nimeizungushia tepu nyeupe ya mafundi bomba, tabaka juu ya tabaka. Nikaibandua tepu yote, kisha nikavuta waya mweusi kutoka skrubu ya kile kipande hadi boliti ya injini, ambayo niliisugua kwa msasa mpaka ikang'aa.

Kabla ya kuirudisha sensa, niliijaribu kwenye sufuria ya maji yanayochemka, hasi ikiwa imeunganishwa. Ikasoma 94. Niko Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na huku maji huchemkia hapo hapo.