Nilivyopanga vielelezo vya arithropoda: vipapasio kwanza, miguu baadaye

Nilipopewa kazi ya kupanga rafu ya vielelezo vya maabara ya shule, nilitenganisha arithropoda, yaani wanyama wenye gamba gumu na miguu yenye viungo, kwa kuhesabu miguu. Kupe wakaniharibia mpango. Kupe aliyetoka kwenye yai ana miguu sita. Huipata minane akishanyonya damu na kujivua gamba. Nikajikuta nimewaweka wachanga pamoja na viroboto.

Siku hizi natazama kwanza vipapasio, zile nyuzi za kichwani za kupapasia, kwa lenzi ya mkono. Wasio navyo kabisa, yaani buibui, nge, kupe na utitiri, ni araknida. Wenye jozi moja ni wadudu, tandu au jongoo. Wenye jozi mbili ni krustasia: kaa, kamba na jamaa zao. Ndipo nahesabu miguu. Mdudu mzima ana sita, yote kifuani. Tandu ana jozi moja kwa kila pingili. Jongoo ana jozi mbili kwa pingili nyingi, ila zile chache za mbele.

Magando yanahitaji uangalifu. Kwa kaa ni jozi ya kwanza ya miguu yake kumi, kwa hiyo yanahesabiwa. Kwa nge ni viungo vya kando ya mdomo, hayahesabiwi, naye anabaki na miguu minane. Wale wadogo wa kijivu wa chini ya mawe yenye unyevu, ambao baadhi yao hujikunja kama kidonge, ni krustasia wa nchi kavu. Wana jozi saba za miguu, lakini jozi yao ya kwanza ya vipapasio ni ndogo mno, hivyo wengi huwaita wadudu.

Kuhifadhi ndiko kunakochosha. Nachukua mililita 730 za spiriti ya asilimia 96, naongeza maji hadi ijae lita 1. Inakuwa karibu asilimia 70. Ikiwa kali zaidi viungo hukakamaa na miguu hukatika ukiigusa kwa kibano. Jongoo hutoa majimaji yanayoigeuza spiriti kahawia, kwa hiyo naibadilisha siku ya pili. Kiwavi namchovya kwanza kwenye maji yanayokaribia kuchemka, dakika moja hivi, la sivyo anakuwa mweusi.

Nyungunyungu si arithropoda: ana pingili, ila hana miguu wala gamba gumu. Ukimtumbukiza moja kwa moja kwenye spiriti hujikunyata na kukatika. Namweka kwenye maji, naongeza spiriti kidogo kidogo mpaka asishtuke akiguswa, kisha namhamisha.

Lebo naandika kwa penseli na kuitia ndani ya chupa: mahali, tarehe, alikookotwa. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti. Mbawakawa nawakausha, napitisha pini kwenye bawa gumu la kulia ili la kushoto libaki zima, na miguu ya meza yenye sanduku lao naisimamisha ndani ya makopo ya maji. Sisimizi wakilifikia sanduku, hubaki magamba matupu.