Jani la mkaratusi

Jumamosi, usiku

Leo kwenye gofu shimo la nne nimelipiga mikwaju minane, na sita kati ya hiyo niliipiga nikiizunguka grini, zile nyasi fupi zenye shimo, kama mbwa aliyefungiwa nje. Mkwaju wa tatu, weji, fimbo ya kuinulia mpira, ilichimba udongo kabla ya kuufikia mpira, ukasogea hatua mbili ukatulia. Wa nne nikaugonga mpira tumboni, ukavuka grini nzima ukielea chinichini hadi kwenye mchanga wa upande wa pili. Ya mchangani sisimulii. Niliokuwa nacheza nao walinyamaza. Afadhali wangecheka.

Niliponunua weji ya nyuzi 60 (ndio mlazo wa uso wake) nilijiona nimemaliza kazi. Kwenye video mpira unapaa wima, unatua, unarudi nyuma kidogo. Wangu haujawahi kurudi nyuma ila kwenye mteremko.

Mzee anayenibebea begi ni kedi tangu kabla sijazaliwa. Alisubiri tumalize raundi, ndipo akaniambia, "Bosi, wewe unataka kuusaidia mpira upande. Haujakuomba."

Ndivyo ilivyo. Uso wa fimbo umeshalazwa kiwandani, kuinua ni kazi yake. Mimi najikunja niunyanyue, uzito unarudi mguu wa kulia, viganja vinachota. Basi fimbo ama inagusa ardhi mapema, ama inaukuta mpira ikiwa tayari inapanda. Kuchimba na kugonga tumboni, makosa niliyodhani ni mawili, kumbe mzazi wao ni mmoja.

Tukaenda kando ya grini ya mazoezi. Akaokota jani la mkaratusi, akaliweka hatua mbili ndani ya grini, akanipa fimbo namba nane, ambayo uso wake umesimama zaidi kuliko wa weji. Namba nane! Miguu karibu karibu, uzito mguu wa kushoto na ubaki huko huko, mpira nyuma kidogo ya katikati, viganja vitulie, kama vile nausukuma tu shimoni. "Usiangalie bendera. Angusha kwenye jani, utajiendea wenyewe." Ukaruka kidogo, ukatua karibu na jani, ukaviringika polepole hadi umbali wa fimbo moja kutoka shimoni. Nikapiga mwingine. Mpira wa ishirini ulipokwisha sikuwa nimechimba hata mara moja. Akanikumbusha kwamba Seve Ballesteros, yule Mhispania aliyeshinda mashindano ya gofu ya Kenya Open mwaka 1978, alijifundisha utotoni ufuoni kwao kwa fimbo moja tu, namba tatu. Mimi nina kumi na nne begini na sizijui.

Ila namba nane haifai kila mahali, hasa huku kwetu. Nyasi za kikuyu asili yake ni nyanda hizi hizi za juu (zimesafiri hadi uwanja wa Riviera kule Los Angeles, zinawasumbua mabingwa), na zina tabia ya kushika. Mpira ukitua juu yake kabla ya grini, umekufa hapo hapo. Ukiwa umezama ndani yake, zinajifunga kwenye shingo ya fimbo na uso unageuka kushoto. Hapo mzee anataka weji ya nyuzi 56, uso uwe wazi kidogo, nishike kwa nguvu kidogo kuliko kawaida, nishuke kwa wima na nisisite katikati. Hiyo bado. Kati ya kumi nilipata mitatu ya kujivunia, na mmoja ulimkosa mtunza nyasi kwa dhiraa moja. Alinitazama tu, akaendelea na mashine yake.

Ile ya nyuzi 60 nimeitoa begini, imesimama nyuma ya mlango wa stoo pamoja na fagio.

Jioni nikatandika leso ya mama watoto uani iwe jani langu, nikapiga hadi giza likaingia. Ametoka kuanua nguo akaikuta ina madoa ya kijani na tobo moja. Kesho natafuta gunia.